Kabla hujapanua ekzosi ya Vitz au IST ukiwa Dodoma

Gari dogo likifika Dodoma limeshapoteza nguvu kabla hujafungua boneti. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na turbo hupungukiwa karibu kiasi hichohicho. IST ya cc 1300 yenye injini ya 2NZ-FE, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 87, huku inabaki na 77 hivi. Kwa hiyo wewe fundi unayeanza, usikimbilie vifaa vya kung'aa. Anza kwa kurudisha nguvu ambazo injini yenyewe imezipoteza kwa kuchakaa na uchafu.

Pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, kabla ya kutumia hata shilingi. Injini iwe ya moto, betri imejaa. Toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na za nozeli, funga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, silinda moja baada ya nyingine, kisha mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho huku akipiga stata kwa sekunde chache. Kwa 1NZ-FE, injini ya cc 1500 ya magari haya, kitabu cha Toyota kinataja psi 213, lakini kwa hewa ya huku ukisoma 185 hadi 190 usimtie mteja hofu. La kuangaliwa zaidi ni silinda moja kuachwa nyuma na nyingine. Tofauti ikizidi psi 15, tia kijiko kidogo cha oili kwenye silinda hiyo, upime tena. Namba ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, tazama valvu. Injini ya namna hiyo ukiifungia ekzosi mpya utaongeza kelele tu.

Halafu vumbi, hasa kiangazi na kwa magari yanayokwenda vijijini. Fungua kasha la filta ya hewa, ingiza kidole ndani ya bomba linaloelekea throto. Upande huu unatakiwa uwe msafi. Kidole kikitoka na unga mwekundu laini, filta imepasuka au haikukaa vizuri kwenye kingo zake, na unga huo ndio unaosaga ringi kidogo kidogo.

Wengi hapa huuziwa filta ya wazi yenye umbo la pia. Mlio wake unanoga, na mlio ndio unaodanganya. Filta hiyo inavuta hewa ya ndani ya boneti: nje kukiwa nyuzi 30 na bonetini nyuzi 60, kila lita ya hewa inayoingia imepungua uzito kwa asilimia 9. Tena sensa ya hewa ya injini hizi hufanya hesabu kwa upana wa bomba lake la kiwandani. Ukiihamishia kwenye bomba pana, inasoma hewa pungufu, petroli inapungua, gari linakohoa ukikanyaga. Bakiza kasha la kiwandani, weka filta mpya ya karatasi, na uhakikishe mdomo wake wa mbele unaovuta hewa ya nje bado upo. Magari mengi yaliyowahi kugongwa mbele hurudishiwa bampa bila mdomo huo.

Sasa ekzosi. Kwa cc 1300 bomba la inchi 1¾ linatosha. Kwa cc 1500 usivuke inchi 2. Kutoka inchi 1¾ hadi 2½ unaongeza nafasi ya moshi mara mbili, kwa hiyo mwendo wa moshi unashuka nusu, na ile nguvu ya chini unayoihitaji ukiwa na abiria wanne kwenye mlima Sekenke inafifia. Manifoldi ya 4-2-1 (mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja) inafaa kuliko ya 4-1 (manne moja kwa moja kuwa moja), kwa kuwa inasaidia injini ikiwa kwenye mzunguko wa kati. Usitegemee zaidi ya farasi wachache.

Usikubali kutoa masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, eti yanabana. Masega mazima hayabani kitu cha maana kwenye injini hii; yanayobana ni yaliyoyeyuka, na mara nyingi chanzo ni koili mbovu iliyoachia petroli mbichi iungulie humo. Rekebisha koili kwanza, la sivyo hata masega mapya yatayeyuka.

Kabla ya kuchomelea, chomoa waya hasi wa betri na uweke klipu ya ardhi karibu na unapochomea, ili umeme usipite kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kazi ikiisha, injini ikiwa ya baridi, iwashe, ziba bomba la nyuma kwa kitambaa kinene na usikilize. Ukisikia hewa inapuliza kabla ya sensa ya oksijeni, fungua urudie: hewa inayoingia pale huidanganya sensa kuwa petroli ni kidogo, nayo kontroli boksi inaongeza, na mteja analalamika gari linakunywa.

Anayetaka nguvu hasa, pesa ya manifoldi na bomba aitunze anunue 1NZ-FE ya cc 1500, yenye farasi 109 hivi. Ni ndugu wa 2NZ-FE, kipenyo cha silinda ni kilekile cha mm 75, tofauti ni urefu wa mwendo wa pistoni: mm 84.7 badala ya 73.5. Inunue pamoja na kontroli boksi yake na nyaya zake, zisiwe zimekatwa. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo hifadhi risiti, upite TRA kubadilisha taarifa, na kampuni ya bima iambiwe siku hiyohiyo.