Nani anaazima, nani anaazimwa? Maswali yenu ya Kiingereza

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro, nakaa Pasua, Moshi, najiandaa kuwa guide. Kambini nilimwambia mgeni "Borrow me your torch", kiongozi wetu akanirekebisha mbele ya wenzangu. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Kosa hilo limetoka kwenye Kiswahili chetu, ndiyo maana wengi wanalo. Kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili: unasema "niazime tochi", unasema pia "nimeazima tochi kwa jirani". Anayetoa na anayepokea wanatumia neno lilelile. Waingereza wamegawa: anayepokea ndiye wa "borrow", anayetoa ndiye wa "lend". Kwa hiyo acha kuazima, ushike kukopa na kukopesha. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Ungesema "Please lend me your torch", au "May I borrow your torch?" Na kiongozi wako angekuita pembeni. Mtu akirekebishwa mbele za watu, aibu hubaki na somo hupotea.

Hiyo "-sha" ya kukopesha itunze, itakufaa sana huko mlimani. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Ukitaka mwenzako akukumbushe kumwamsha mgeni saa sita usiku, usimwambie "Remember me", mwambie "Remind me". Vilevile jua linapopanda ni "rise", lakini wewe unapopandisha bendera ni "raise". Chenye kupanda chenyewe ni "rise". Kinachopandishwa na mtu ni "raise".

*Nipo mapokezi kwenye hoteli, Njiro. Mgeni aliniuliza siku yangu inakwendaje, nikajibu "I am boring today". Akatabasamu tu akapanda ngazi.*

Dada yangu, ulimwambia kwamba wewe unaboa. Ulitaka kusema umeboreka, yaani "I am bored". Hapa tena Kiswahili kinakubeba: kinachochosha huchukua "-ing", aliyechoka huchukua "-ed". Mgeni akishuka kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, safari yake ilikuwa "tiring" na yeye mwenyewe ni "tired". Ukilisoma jibu lako kwa Kiswahili kabla ya kulitoa, hutakosea tena.

*Mwanangu yupo darasa la sita, hapa Sakina. Anachanganya "affect" na "effect", na mimi pia simsaidii.*

Utamsaidia, mama. "Affect" ni kuathiri, "effect" ni athari. Mwandikie sentensi mbili kwenye daftari, moja juu ya nyingine: "Altitude affects climbers", kisha "Headache is one effect of altitude". Mwambie aweke kidole kwenye neno na kuuliza: hapa ningesema huathiri au athari? Kuna mahali "effect" hugeuka kitendo kwa maana ya kuleta jambo, ila ni nadra. Mtoto wa darasa la sita asisumbuliwe nalo.

*Mimi ni mpishi wa safari, Usa River. Kwenye ubao wa menyu niandike "desert" au "dessert"?*

"S" mbili, ndugu yangu. Yenye moja ni jangwa. Hata kinywani hayafanani: jangwa hukazwa mwanzoni, kitindamlo hukazwa mwishoni. Niliwahi kuona kambini ubao umeandikwa kwa chaki, herufi nzuri zilizonyooka, "Desert: fruit salad". Embe na nanasi vilikuwa vimekatwa kwa ustadi mkubwa, na iliniuma kuona herufi moja inaishusha kazi ya mpishi yule.

*Naandika barua pepe: "Thank you for your advices." Ni sahihi?*

Hapana. Ushauri hauna wingi kwetu, na "advice" haina wingi kwao. Andika "Thank you for your advice". Ikiwa ni kitendo cha kushauri, ni "advise", na mwisho wake hutamkwa kama "z".