Re: Mama amefunga hadi maji akingoja Yesu arudi

Pole dadangu, hiyo ya mchungaji kumwambia mama afunge hadi maji eti Yesu anarudi mwezi ujao sio ya kungoja, sisi wa Malindi tushaona msitu wa Shakahola 2023, waumini waliambiwa wafunge hadi kufa wakutane na Yesu, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Usibishane na mama, atakufungia mlango. Msomee Mathayo 24:36, siku ile hakuna aijuaye ata malaika, alafu sura ya 25, hukumu yenyewe inauliza nani alilisha wenye njaa, si nani alijiua njaa! Tafuta padri ama mzee wa kanisa anayemheshimu akae naye. Lakini maji ni leo leo, akikataa ama akianza kuzubaa kimbiza hospitali, na polisi waambie, haswa kama huko kuna watoto. Akikubali kula usimshindilie ugali, daktari aseme aanze na nini.