Jibu: boti ya mbao ya marehemu mzee, usikimbilie faiba

Pole ndugu, nimekupata: boti ya injini mzee kaiacha, mbao tupu, imekaa nchi kavu miaka 6, nyufa zinapitisha mwanga na fundi anataka aivike faiba (ile nyuzi za kioo na gundi ya kukauka). Mi nakuomba usikubali haraka, faiba juu ya mbao kuukuu inafungia unyevu ndani, ubao unaoza na we huoni kitu. Nyufa nyingi ni ukavu tu. Ifunike magunia yaliyolowa, mwagia maji ya chumvi asubuhi na jioni wiki mbili hivi mbao zivimbe, na usishindilie pamba ya kuziba nyufa kwa nguvu kabla, mbao zikitanuka zinaweza kung'oa misumari. Yangu nilichokonoa na bisibisi kando ya mkuku (ule mti mkuu wa chini) ikazama kama kwenye mkate, ule ubao ilibidi utoke. Mataruma (zile mbavu za ndani) yakiwa hivyo usiishushe, muite fundi wa vyombo, kama wale wa Matondoni kule Lamu.

Piga picha kila kitu kabla hujabandua, hata namba ya injini. Sundowner, boti ya 1912 ya Lightoller yule afisa wa Titanic, ilibeba askari zaidi ya 100 kutoka Dunkirk, Ufaransa, vitani 1940, ikatunzwa kwa sababu watu walijua habari zake.

Siku ya kuishusha uwe na pampu, ilale imefungwa gatini usiku mzima.