Kwa mnaoanza kibarua cha miti Usambara

Masika yakikaribia, vijana wapya huja upande wa Amani, Usambara Mashariki, kutafuta kibarua cha kurudisha msitu na vijito, na wengi wanadhani kazi yenyewe ni kupanda miti. Kupanda ni wiki chache tu, udongo ukishalowa vizuri. Sehemu kubwa ya msimu mtafyeka, mtang'oa na kupalilia, na humo ndimo mche unamopona au kufia.

Kabla ya kushika panga, jifunzeni maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe chini ya vichaka. Mche wa msambu, mti wa asili wa huku, uliojiotea umeshakubali kivuli na udongo wa mahali pale, kwa hiyo una thamani kuliko ule wa kitaluni, lakini mgeni anaupitishia panga kama gugu. Anzeni kwa kupita na vijiti, mkichomeka kimoja kando ya kila mche wa kubaki. Panga lifuate baadaye. Mche msioujua, muulizeni mzee wa kijiji. Wazee wa huku wanautambua mti kwa harufu ya gome lake.

Adui mtakayemsikia kila siku ni msizi (Maesopsis eminii). Kwao ni kanda ya Ziwa Victoria na magharibi zaidi. Huku uliletwa kupandwa, hondohondo wakala matunda yake na kusambaza mbegu hadi ndani ya msitu. Midogo ing'oeni kwa mkono mvua ikinyesha, mzizi wote utoke. Mikubwa iacheni mpaka kuwe na kibali na maelekezo ya mhifadhi. Hii ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na hata bila sheria, ukiangusha msizi mkubwa ghafla jua linamwagika chini, na wanaoshukuru wa kwanza ni lantana, kile kichaka vamizi, na watoto wa msizi wenyewe.

Kwenye kupanda, angalieni kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche. Usikivute kwa shina. Kipasue kwa wembe ubavuni, shika bonge la udongo kwa kiganja, kisha tazama chini: mzizi uliojizungusha kama kamba ya kisima ukate ncha, la sivyo utaendelea kujinyonga ardhini hata mti ukifika urefu wa mtu. Shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi, isizame. Gandamiza kwa kiganja, si kwa kisigino. Kiriba kitupu kichomeke kwenye kijiti kando ya shimo. Jioni mnavikusanya, na msimamizi anajua hakuna mche uliozikwa na plastiki yake. Ndiyo maana binafsi siupendi mtindo wa kulipa kwa idadi ya miche. Mtu anayekimbiza hesabu hapasui kiriba.

Kando ya vijito mambo ni mengine. Maji haya yanaingia Mto Zigi, yanafika bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini, na sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji ziachwe bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Lakini ndani ya mita hizo kuna magimbi, migomba na iliki ya watu, na shamba hilo ndilo ada ya shule. Ukifika na jembe bila salamu, miche yako itang'olewa usiku na hutamjua aliyeing'oa. Nendeni na mwenyekiti wa kitongoji, mketi, mwenye shamba aseme ni mti gani anaukubali na upandwe wapi. Akiomba mkaratusi, mwambieni kwa heshima apande juu kilimani, mbali na chemchemi, kwa kuwa mti huo hunywa maji mengi.

Kwenye makorongo, ziba kwanza na panda baadaye. Vigingi na matawi yaliyosukwa, mawe yakiegemezwa nyuma yake, huzuia tope. Mche uliopandwa kabla ya hapo utasombwa na mvua kubwa ya kwanza.

Buti za mpira ni lazima, na tazameni chini kabla ya kusimama mahali pamoja, siafu wa huku hawana mzaha. Mapanga yanolewe asubuhi kabla ya kupanda mlima.

Kabla ya kukubali kibarua ulizeni kama kuna fedha ya palizi, angalau mara mbili kwa mwaka, na kwa miaka mingapi. Jibu likiwa fedha ni ya kupanda tu, chukueni ujira wenu, ila bajeti ya palizi idaini mapema, kikao cha kwanza kabisa, mbele ya mwenyekiti.