Makumbusho ya Rodin kwa jicho la Mwenge

Msomaji wa Sinza anakwenda Paris kikazi, ana mchana mmoja tu wa mapumziko, na ameuliza kama Makumbusho ya Rodin yanamfaa mtu asiyesomea sanaa. Yanamfaa, ila asiende Jumatatu, hufungwa. Yako 77 rue de Varenne. Ukipanda treni ya chini ya ardhi njia ya 13, shuka kituo cha Varenne.

Kabla ya safari, pita Mwenge, Dar es Salaam, kwenye soko la vinyago. Simama kwa fundi wa mpingo uone anavyopunguza: tezo, patasi, msasa mwishoni. Gogo ni moja; pua ikikatika, imekatika. Auguste Rodin, msanii wa sanamu wa Ufaransa, alikwenda kinyume. Alifinyanga udongo, akiongeza na kubandua, kisha mafundi wakatoa plasta kwa kalibu, na kutokana na plasta wakamimina shaba nyeusi. Ndiyo maana Mwanafikra, sanamu yake ya mtu aliyeketi akitafakari, yuko katika miji mingi na si bandia. Siku hizi sheria ya Ufaransa inaweka kikomo cha nakala halisi 12 kwa kila sanamu.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta alama za patasi kwenye shaba. Tafuta alama za vidole, na mishono ya kalibu ambayo wengine wangeipiga msasa. Kwenye marumaru mambo hugeuka: nyingi zilichongwa na wasaidizi wake, wakaacha jiwe ghafi chini ya mwili laini. Hapo jicho la Mwenge linafanya kazi.

Anza bustanini. Lango la Jehanamu, mlango mkubwa wa Rodin uliojaa sanamu, liliagizwa mwaka 1880 kwa ajili ya makumbusho ambayo hayakujengwa, na Rodin alikufa mwaka 1917 halijamiminwa shaba. Tazama juu ya milango: Mwanafikra mdogo ameketi akiwainamia waliolaaniwa. Ukimwona huyo, yule mkubwa hatakuwa tena picha ya kwenye vikombe. Kaa kwenye benchi uweke kiwiko cha kulia juu ya paja la kushoto. Utajua mgongo wake unavyovutwa. Wengi hupiga picha kwa mbele na kuondoka, na hilo ni kosa kubwa. Zunguka, chuchumaa, tazama nyuma. Sanamu kumi hivi zinatosha.

Ndani, vyumba vingine vipite upesi, ila usikiruke cha Camille Claudel, aliyefanya kazi katika karakana ya Rodin na kumudu mawe magumu kwa mkono wake mwenyewe. Watafute wanawake wake wanne wanaoteta, waliochongwa kwa jiwe la oniksi. Ni wadogo, na kundi la watalii huwapita bila kuwaona.