Maswali na majibu: Depeche Mode na mlio wa vyuma

Vince Clarke, mtunzi mkuu wa nyimbo, aliondoka Depeche Mode, bendi ya Uingereza ya muziki wa sinthesaiza (kibodi za elektroniki), mwaka 1981. Mbona husemwa bendi iligeuka 1983, kwenye albamu ya Construction Time Again?

Kwa sababu albamu ya A Broken Frame ya 1982 ilibadilisha mtunzi tu. Martin Gore alishika kalamu, sinthesaiza zikabaki na ulaini uleule. Mwaka 1983 ndipo malighafi yenyewe ilipobadilika: sampla, yaani mashine za kurekodi sauti yoyote na kuipiga kwenye kibodi, ziliingia studio, na mwanabendi Alan Wilder akaja na nyimbo zake mbili. Sikiliza "Pipeline", ambao umeundwa kwa milio ya vitu vilivyogongwa na kurekodiwa. Si wimbo wao mtamu kuliko yote, ila ndio unaoonyesha walikokuwa wanaelekea.

Nimerekodi bomba la chuma. Nikilipiga kwenye kibodi, noti za juu zinakuwa kama kijiko, tena halilingani na besi.

Hayo ni matatizo mawili. Sampla ya kawaida hupandisha noti kwa kuisoma rekodi haraka zaidi. Oktava moja juu, sekunde mbili zinabaki moja. Usivute zaidi ya nusu-toni tatu (funguo tatu zinazofuatana za kibodi) kila upande. Ukihitaji zaidi, gonga bomba fupi au refu urekodi upya.

Kutolingana na besi ni tabia ya chuma chenyewe. Masafa yake ya juu si mazidisho kamili ya noti ya msingi, kwa hiyo sikio linakosa noti ya kushika. Acha chuma kitoe pigo tu, kififie ndani ya milisekunde 150 hivi, na chini yake weka sinthesaiza ishike noti. Kata masafa ya chuma yaliyo chini ya hezi 200.

Bomba langu halilii, linatoa "ta" kavu.

Umelishika, au limelala sakafuni. Litundike kwa kamba mbili, kila moja ikiwa umbali wa asilimia 22 ya urefu wake kutoka kwenye ncha. Hapo chuma hakitikisiki, kwa hiyo kamba haizimi mlio. Rekodi kilele kisizidi desibeli -12, maana pigo la chuma hupanda ghafla kuliko mita inavyoonyesha.

Kila sampuli (sauti niliyorekodi) ikianza nasikia "tik".

Umekata katikati ya wimbi. Sogeza mkato hadi linapovuka sifuri, au ianze kimya ipande hadi sauti kamili ndani ya milisekunde moja. Ukifika kumi, umeshakula pigo.

Mwangwi mwingi utanipa sauti ya Berlin?

Construction Time Again ilirekodiwa studio ya The Garden, London; studio ya Hansa ya Berlin ilikuwa ya kuchanganya. Badala ya kuongeza mwangwi wa programu, cheza sinthesaiza kwenye spika ndani ya chumba kikubwa kitupu, weka maikrofoni mita tatu au nne mbali, kisha pandisha rekodi hiyo taratibu chini ya ile kavu, isiyo na mwangwi.