Nia ikichanganyika, sadaka inaharibika?

Ndugu yangu, umeuliza kama chakula unachowapa watawa ni kazi bure kwa kuwa moyoni unatamani usifiwe. Hapana, usiache kutoa. Buddha alifundisha kwamba karma, yaani tendo linalomzalia mtu matokeo mema au mabaya, ni nia yenyewe, ambayo kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, huitwa cetana. Husimuliwa habari za mtawa kipofu, Cakkhupala: mvua imenyesha usiku, alfajiri akatembea na kukanyaga wadudu wengi wakafa. Wenzake wakamshtaki. Buddha akasema hana kosa, hakuwaona wala hakukusudia kuwaua.

Ila nia haisafiki kwa siku moja, nakuambia kwa kuwa nimepitia. Kabla hujapakua wali, vuta pumzi tatu taratibu, umfikirie atakayekula. Hamu ya sifa ikikujia, itambue tu, usijilaumu, endelea kupakua.